Vifundo Katika Mizizi: Habari za Minyoo Wadogo wa Udongo

Jumamosi moja, wanafunzi wangu walipokuwa wakipalilia bustani ya shule, alifika mama mmoja, jirani yetu, ameshika mche wa nyanya uliong'olewa pamoja na udongo wake. Tukasalimiana. Kisha akasema: «Mwalimu, shamba langu limefungwa.»

Nikamwomba anieleze. Nyanya zake alizipanda kwa mistari minne nyuma ya nyumba. Majuma manne ya kwanza zilisitawi, hata wapita njia wakazisifu. Kiisha zikaanza kunyauka kila siku saa sita za mchana, ijapokuwa alikuwa amezimwagilia maji asubuhi. Jioni huinua vichwa kidogo, kesho yake huinama tena. Majani yamegeuka manjano, matunda yamedumaa. Tena, akaongeza kwa sauti ya chini, miche ile alipewa na mama wa nyumba ya pili, ambaye mwezi ule ule walikuwa wamegombana kwa ajili ya mbuzi aliyekula maharagwe. Lile neno lenyewe hakulitamka, lakini wote waliosimama pale walilisikia: dawa.

Sikubishana naye. Nilileta ndoo ya maji, nikauzamisha mche, nikautikisa polepole mpaka udongo wote ukaanguka, maana ukikung'uta mizizi kwa nguvu, ile midogo inayostahili kuonwa hukatika ikabaki shambani. Wanafunzi wakakusanyika. Mahali pa mizizi myembamba iliyonyoka tuliona uvimbe juu ya uvimbe, mwingine kama punje ya mtama, mwingine kama kunde, hata mzizi mmoja ukafanana na rozari ambayo shanga zake zimesongamana.

«Aliyefanya kazi hii, mama,» nikamwambia, «ana mdomo na ana tumbo. Twaweza kumtafuta.»

Niliyomweleza siku ile yalikuwa ya haraka, kwani jua lilikuwa kali na watoto walikuwa na njaa. Hapa nitayaeleza kwa nafasi. Najua kwamba nyanya za namna ile si za mama yule peke yake, na ugomvi wa namna ile pia si wake peke yake.

Mwenye kufanya vifundo ni mnyoo wa jamii kubwa iitwayo nematodi. Usimdhanie kuwa ni nyungunyungu, yule mnyoo mwekundu ambaye watoto humtia katika ndoana. Mwili wa nyungunyungu umegawanyika pete pete. Wa nematodi hauna pete, ni laini, umechongoka huku na huku kama kipande cha uzi. Baadhi ya ndugu zake unawajua kwa njia nyingine. Yule mnyoo mrefu mweupe atokaye tumboni mwa mtoto aliyekunywa dawa ya minyoo ni nematodi. Yule anayeletwa na nzi weusi wa mito yenye maji ya kasi, akapofusha macho ya watu, naye ni nematodi. Walakini hao wakaao katika miili yetu ni wachache mbele ya wale wa udongoni, ambao wengi wao hawafikii hata urefu wa milimita moja.

Wingi wao haufikiriki. Mmarekani mmoja, Nathan Cobb, aliyewachunguza kwa miaka mingi, aliandika katika kitabu cha kilimo cha nchi yake cha mwaka 1914 ya kwamba kama vitu vyote vya dunia vingeondolewa, wakabaki nematodi peke yao, bado tungeitambua dunia yetu: milima, mabonde, mito na maziwa vingeonekana bado, vimechorwa kwa utando mwembamba wa minyoo. Watu waliyachukua maneno hayo kama mzaha wa mtaalamu apendaye kazi yake. Lakini mwaka 2019 wataalamu wa nchi nyingi walikusanya hesabu za vipimo vya udongo zaidi ya 6,700 kutoka kila bara, wakakadiria kwamba katika udongo wa juu peke yake wamo nematodi kama milioni milioni milioni 440. Kati ya kila wanyama 5 walioko duniani, wakasema, 4 ni nematodi. Konzi moja ya udongo mzuri wa bustani yako yaweza kuwa na maelfu yao.

Tumtazame sasa mmoja wao katika darubini ya kukuzia vitu vidogo. Fikiri bomba ndani ya bomba. Bomba la nje ni ngozi, nayo ni ngumu na yenye kupenyeza nuru, hata waweza kuyaona matumbo yake bila kumpasua. Bomba la ndani ni njia ya chakula, kutoka mdomoni hadi mkiani. Katikati ya mabomba hayo mawili mna maji yaliyobanwa kwa nguvu, kama upepo katika mpira wa baiskeli, na maji hayo ndiyo yanayoshika nafasi ya mifupa. Misuli yake yote imelala kwa urefu. Hana hata mmoja wa kuuzunguka mwili. Kwa hiyo hawezi kujifupisha na kujirefusha kama nyungunyungu. Hujua kazi moja tu, kujipinda huku na kujipinda huku, na kwa kupinda huko hupenya kati ya chembe za mchanga. Hana moyo, hana damu, hana mapafu. Hewa huingia kwa ngozi. Mishipa yake ya fahamu imefanya pete kuuzunguka umio, na kichwani mna vishimo viwili vya kunusia. Macho hana, naye angeyatumia wapi?

Neno moja tusilisahau: mnyoo wa udongo ni mnyama wa maji. Huogelea katika utando mwembamba wa maji uliozishika chembe za udongo. Udongo ukikauka, yeye hana njia.

Udogo wake umewasaidia sana wataalamu. Yuko nematodi mmoja wa mboji na matunda yaliyooza, jina lake Caenorhabditis elegans, ambaye chembe hai za mwili wake, zile ambazo vitabu vya shule huziita seli, zimehesabiwa moja moja: mkubwa mwenye kutaga mayai anazo 959, wala haziongezeki wala hazipungui kutoka mnyoo huyu hadi yule. Kati ya hizo, 302 ni za mishipa ya fahamu. Sydney Brenner, John Sulston na Robert Horvitz walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa yale waliyojifunza kwa mnyoo huyu juu ya kukua na kufa kwa chembe hai, mambo ambayo sasa huwasaidia waganga kuielewa saratani. Haya yote kwa mnyoo wa jalalani.

Ukitaka kujua chakula cha nematodi, mtazame mdomo. Mwenye kula bakteria ana mdomo wazi kama mwanzi, naye huwafyonza pamoja na maji. Mwenye kula wenzake, kama Mononchus, ana kinywa kipana chenye jino, naye humshika nematodi mdogo akampasua au akammeza mzima. Mwenye kunyonya kuvu au mimea ana sindano kinywani, yenye tundu katikati kama sindano ya mganga, ambayo huitoa akachoma na kuirudisha ndani.

Walio wengi katika udongo wenye afya si adui za mkulima. Wale wala bakteria ni watumishi wake. Mwili wa bakteria una naitrojeni nyingi kuliko anayohitaji mnyoo. Ile ya ziada huitoa nje, na mizizi huikuta imekwisha kuwa tayari. Bila wanyama wadogo wa namna hii, sehemu kubwa ya chakula cha mimea ingebaki imefungwa katika miili ya bakteria. Basi anayetamani kuwaua nematodi wote wa shamba lake hajui anachokitamani.

Wanafunzi hupenda kuona kwa macho yao, nami nawasifu. Gustav Baermann, mganga aliyefanya kazi katika kisiwa cha Java, alieleza mwaka 1917 njia nyepesi ya kuwatenga minyoo na udongo, nayo hutumiwa hata leo katika nyumba za uchunguzi. Bila vyombo vyake waweza kufanya hivi: tandika kitambaa chembamba katika kichungio cha chai, weka juu yake vijiko viwili vya udongo wenye unyevu, ukiweke kichungio juu ya bakuli, ujaze maji mpaka yauguse udongo kutoka chini. Acha usiku kucha. Minyoo hujipinda wakishuka, hupita katika kitambaa, huanguka chini, wala hawajui kupanda tena. Asubuhi mimina maji ya juu polepole, tia yaliyobaki katika sahani nyeusi, utazame kwa kioo cha kukuzia juani. Utaona nyuzi nyeupe zikicheza.

Aliyekuwa wa kwanza kumwona mnyoo wa mimea alikuwa padri. John Turberville Needham, Mwingereza Mkatoliki aliyezaliwa London mwaka 1713 na kufia Brussels mwaka 1781, alipenda darubini kama wengine wapendavyo kinanda. Mwaka 1743 alizipasua punje za ngano zilizokuwa nyeusi na ngumu, akakuta ndani nyuzi nyeupe kavu. Akatia tone la maji ili azitenganishe. Nyuzi zikaanza kusogea! Wengi hawakumsadiki, wakadhani maji ndiyo yaliyozitikisa. Kumbe walikuwa nematodi waliokauka wakingoja mvua. Na leo tunajua kwamba minyoo wa ngano waweza kukaa wakavu zaidi ya miaka 20, kisha wakaamka. Mnyoo wetu wa vifundo alingoja karne moja na zaidi. Mwaka 1855 Miles Joseph Berkeley, mchungaji wa Kianglikana aliyekuwa bingwa wa kuvu, alikuta vifundo katika mizizi ya matango yaliyopandwa ndani ya nyumba ya vioo huko Uingereza, akaona mayai na minyoo ndani yake. Leo mnyoo huyo huitwa Meloidogyne, jina la Kigiriki lenye maana ya mwanamke mwenye umbo kama tofaa. Kwa nini tofaa? Tutafika huko. Anaijua mimea zaidi ya 2,000 ya kula: nyanya, biringanya, bamia, karoti, lengalenga, maharagwe, viazi, tumbaku, hata mizizi midogo ya muhogo.

Maisha yake huanza katika yai, na mayai hayako peke yake. Mama yake ameyataga mia kadhaa katika donge la ute lililoshikamana na mzizi, nao ute huo huyalinda yasikauke. Ndani ya yai mtoto hujivua ngozi mara ya kwanza, hata anapotoka nje, udongo ukiwa na maji na joto la kutosha, yu katika hatua yake ya pili. Ana urefu wa nusu milimita au pungufu. Hana chakula ila mafuta aliyoachiwa na yai katika matumbo yake, na akiba hiyo ikimalizika kabla hajapata mzizi, amekufa. Kwa hiyo hana siku za kupoteza. Mzizi unapokua hutoa vitu vingi katika udongo, naye huvinusa kwa vile vishimo vya kichwani, akafuata harufu kama mtoto anayefuata harufu ya samaki wa kukaanga.

Hafiki popote tu. Hutafuta mahali nyuma kidogo ya ncha ya mzizi, ambapo ngozi bado ni laini. Huchoma kwa sindano mara nyingi, hutoa mate yanayolegeza gundi iliyozishikanisha chembe hai za mmea, kisha hupenya kati yake. Tazama adabu ya mwizi huyu: hazivunji, hupita katikati ya moja na nyingine. Lakini njia ya kuingia moyoni mwa mzizi imezuiwa na ukuta mgumu. Basi hushuka mpaka kwenye ncha kabisa, ambapo ukuta haujajengwa bado, hugeuka pale, akapanda tena akiwa ndani, katika moyo wa mzizi ambamo mna mifereji ya maji na ya chakula. Huko huchagua chembe chache, mara nyingi tano mpaka saba, akaweka kichwa chake katikati yake. Akiisha kuweka kichwa, ikiwa ni wa kike, hatoki tena mpaka kufa.

Hapa ndipo penye ajabu. Shingoni ana tezi tatu za mate. Mate hayo huyatia katika chembe alizozichagua, nazo huacha kazi yake ya zamani. Viini vyake hugawanyika tena na tena, lakini chembe yenyewe haigawanyiki. Hukua tu, ikawa kubwa mara mamia kuliko wenzake, yenye viini hata mia moja katika nyumba moja. Wataalamu huziita chembe majitu. Kazi yake sasa ni moja, kuvuta chakula kutoka mifereji ya mmea na kumwandalia mnyoo. Mnyoo wa vifundo haui chembe anayoinyonya. Ameigeuza kuwa mpishi wake. Chembe za kandokando, kwa kuchochewa na mambo hayo, huongezeka ovyo, na huko kuongezeka ndiko kifundo unachokiona kwa nje.

Ulaji wake wenyewe ni wa taratibu. Sindano hutoboa ukuta wa chembe jitu, lakini ule utando laini ulio ndani haupasuki, hubonyea tu. Mate huganda yakafanya kibomba chembamba sana, chenye kuchuja, na kwa kibomba hicho mnyoo huvuta. Katika shingo mna tufe la misuli lenye vali, nalo hupiga kama pampu ya baiskeli. Hunyonya, hupumzika, huhamia kwa chembe jitu nyingine, na kila mara hutengeneza kibomba kipya.

Sasa mama yule aliyeuliza kwa nini nyanya zinanyauka saa sita na hali udongo una maji, amekwisha kujibiwa. Mifereji ya maji ya mzizi imesongwa na kupindwa na vifundo. Asubuhi na jioni, jua likiwa pole, maji machache yapitayo yatosha. Mchana majani huomba maji mengi, na mzizi hauna njia ya kuyaleta. Mmea una kiu hali umesimama katika maji.

Mnyoo aliyekaa hana haja ya kutembea, basi misuli ya mwili wake hupotea. Hunenepa kama soseji. Hujivua ngozi mara tatu kwa kufuatana haraka, na katika hatua mbili za katikati hana hata sindano, hali kitu. Baada ya kujivua mara ya mwisho sindano hurudi, naye huendelea kunenepa mpaka awe kama tofaa au kibuyu cheupe chenye shingo. Ndilo jina lake. Ukikipasua kifundo kilichokomaa kwa wembe, polepole, mwenye macho makali ataona kijilulu cheupe kisichopita milimita moja: huyo ndiye mama. Dume, kinyume chake, hurudia umbo la uzi, akatoka katika mzizi bila kula tena. Katika jamii nyingi za mnyoo huyu mama hamhitaji kabisa. Hutaga mayai yenye uhai bila dume. Lakini chakula kikipungua, au wakiwa wamesongamana mno katika mzizi mmoja, wengi wa watoto hukua madume, na hivyo midomo ya kula hupungua yenyewe.

Katika joto la nyuzi 25 hadi 28, kutoka yai hadi yai ni majuma matatu au manne tu. Wanafunzi wangu niliwapa hesabu hii: tuseme kila mama anataga mayai 500, na tuseme katika watoto 10 ni mmoja tu anayefanikiwa. Je, baada ya vizazi vitatu, yaani katika msimu mmoja wa nyanya, wamekuwa wangapi? Wakapata 125,000, wakadhani wamekosea.

Hata hivyo mnyoo huyu peke yake ni mvivu wa safari. Kwa nguvu zake hawezi kwenda zaidi ya mita moja hivi kwa mwaka. Ndiyo maana shamba huanza kudhoofika kipande kimoja, kama doa. Nani humpeleka mbali? Jembe lenye udongo, maji ya mvua yanayoteremka, miguu yetu, na zaidi ya yote miche. Jicho lisilotafuta haliwezi kuona kifundo kidogo katika mzizi wa mche wa majuma manne.

Kabla sijasema juu ya dawa, nionye jambo moja, kwa kuwa lilinipata. Juma lililofuata mwanafunzi mmoja mwenye bidii aling'oa mistari miwili ya maharagwe ya shule, akayatupa motoni, akaja kunionyesha kwa furaha vifundo alivyovikuta. Maskini! Alikuwa ameteketeza kitu chema. Maharagwe, soya, karanga na kunde huwa na vivimbe vya namna nyingine, nyumba za bakteria wanaoitwaa naitrojeni ya hewa na kuulisha mmea. Kuvitofautisha si vigumu. Vile vyema vimeshikamana ubavuni mwa mzizi kama kupe; ukivisukuma kwa ukucha hubanduka, na ukivipasua ndani ni vyekundu kama nyama. Vile vibaya havibanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba. Ukitaka kukiondoa lazima ukate mzizi. Maharagwe yaweza kuwa navyo vyote viwili, basi tumia ukucha kabla ya kutumia moto.

Migomba nayo ina nematodi zake, lakini hizo hazifanyi vifundo. Radopholus similis, wa nchi za joto, hatulii kamwe; huchimba ndani ya mzizi akila na kuua kila chembe anayopita, mpaka mizizi ikawa myekundu, kisha myeusi. Katika nyanda za juu zenye baridi nafasi yake huchukuliwa na Pratylenchus goodeyi. Siku ya upepo mgomba wenye mkungu mzito huanguka mzima, mizizi juu. Anayetaka kupanda kwingine achukue chipukizi, amenye tunguu lake mpaka lionekane jeupe lote, kisha alitumbukize katika maji yanayochemka kwa nusu dakika, asizidishe.

Tukirudi kwa nyanya, wengi huuliza dawa ya kununua. Zilikuwako dawa za kuua minyoo katika udongo, zenye nguvu kweli. Moja, iitwayo DBCP, ilitumiwa sana katika migomba na mananasi ya nchi nyingi. Mwaka 1977 iligunduliwa kwamba wanaume waliofanya kazi ya kuitengeneza huko California walikuwa wamepoteza uwezo wa kuzaa. Mimi sitamwambia mtu atie sumu ya namna hiyo katika bustani iliyo hatua kumi kutoka kisima chake.

Yako mambo yasiyo na gharama. La kwanza ni mizizi: mavuno yakiisha, usiiache ardhini, kwani kila kifundo ni mfuko wa mayai, ing'oe yote, uikaushe juani, uichome. La pili ni kitalu. Usioteshe miche mahali pale pale kila mwaka. Na kabla ya kusia mbegu, rundika majani makavu na vijiti juu ya tuta, uchome mpaka udongo upate joto la kutosha chini. Ukilima wakati wa kiangazi na kuuacha udongo umegeuzwa juani, wengi hukauka wakafa. Karanga ni rafiki mkubwa, kwa maana jamii za mnyoo huyu zinazoshambulia nyanya katika nchi za joto kwa kawaida haziwezi kuzaa katika mizizi yake. Ziko chache ziwezazo, basi osha mizizi utazame. Yako pia maua ya manjano yenye harufu kali, Tagetes, ambayo mizizi yake ni sumu kwa minyoo, lakini yafaa kupandwa tuta zima kwa miezi mitatu hivi, wala si shina moja huku na moja kule kama pambo. Usidanganyike na shamba lililolala likajaa magugu. Magugu mengi humlisha mnyoo huyu vizuri, na kwake shamba hilo halijalala.

Samadi na mboji husaidia kwa njia mbili: humpa mmea nguvu ya kuotesha mizizi mipya, na huwaongeza adui za mnyoo. Katika majani yaoozayo huishi kuvu aitwaye Arthrobotrys, ambaye hufuma nyavu zenye kunata, akamnasa nematodi na kumla polepole. Watoto husikiliza habari hiyo kuliko zote.

Ziko pia nyanya zenye kumkataa mnyoo. Katika miaka ya 1940 wataalamu wa Marekani waliichanganya nyanya ya bustani na ndugu yake wa mwituni kutoka Peru, wakapata nguvu ambayo leo imo katika mbegu nyingi zinazouzwa. Mnyoo akianza kula, chembe anazozichoma hufa mara moja, naye hukosa mpishi. Nguvu hiyo hupungua udongo ukipita nyuzi 28 za joto, basi katika mabonde yetu ya joto usiitegemee peke yake. Tandaza nyasi juu ya tuta ili udongo upoe.

Siku ile ile ya Jumamosi, jua lilipopoa, nilikwenda pamoja na mama yule mpaka nyumba ya pili. Mwenye nyumba alitupokea kwa baridi. Nikamwomba ruhusa ya kung'oa nyanya moja katika mistari yake mwenyewe, nikaiosha mbele yao wote wawili. Ilikuwa na vifundo kama vya kwanza, tena vikubwa zaidi. Kitalu chake kilikuwa mahali pamoja kwa miaka sita. Yule mama akaishika mizizi, akaigeuza geuza, akasema: «Ile niliyokupa, dada, ndiyo iliyokuwa mizuri. Mimi nilibaki na mibaya.»

Jumatatu walizing'oa mistari yote, ya huku na ya kule, wakachoma mizizi katika moto mmoja. Mahali pale sasa pana karanga, na kitalu kimehamia upande wa pili wa njia. Ile habari ya mbuzi, nasikia, ingali inazungumzwa.